Nyumba ya kuku niliyojengewa Kiamunyi: boksi za kutagia za kuvuta nje, miezi saba baadaye

Miezi saba sasa tangu fundi amalize nyumba yangu ya kuku huku Kiamunyi, Nakuru, na nimengoja makusudi kabla niandike, juu nyumba ya kuku ikiwa mpya na mbao bado zinanukia kila kitu huonekana kizuri. Ngoja ipigwe na mvua ya Aprili, ngoja kuku watage na wanye na walale humo, ngoja ifike Jumamosi ya ishirini unasafisha boksi za mayai ukiwa umechoka na kazi ya wiki, hapo ndio unajua pesa yako ilienda wapi.

Niko na kuku 36, wawili kati yao ni jogoo. Ni kienyeji walioboreshwa, wale asili yao ni KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo) Naivasha, nilichukua wakiwa vifaranga na wakaanza kutaga wakiwa na miezi mitano hivi. Mayai nauzia maduka mawili hapa mtaani na vijana wawili wa mayai boilo na smoki wanaosimama stage jioni. Nawataja hao vijana juu wao ndio walinifanya nijenge upya. Yai la boilo linakaa kwa ganda lake mbele ya mteja, mteja analishika kwa mkono, na kama liko na alama ya kinyesi harudi tena. Kijana mmoja aliniambia kwa heshima tu, mama, mayai yako ni matamu lakini kila trei narudisha karibu kumi. Iliniuma sana, na hakuwa anasema uongo.

Nyumba ya kwanza nilinunua kando ya barabara ikiwa imeshatengenezwa, mahali sitataja. Kwa macho ilikuwa nzuri, rangi ya kijani, mlango mdogo, boksi sita za kutagia ndani. Shida ilikuwa ni hizo boksi. Zilikuwa zimepigwa misumari chini kabisa sakafuni, na juu yake ndio fito za kulalia, kwa hivyo usiku mzima kuku wananyea boksi na asubuhi wanaingia hapo hapo kutaga. Kwa mbele hazikuwa na ukingo wowote, kuku akichakura kidogo nyasi zote zinamwagika nje na yai linabaki kwa mbao tupu, linapasuka, kuku wengine wanalionja. Kuku akishaonja yai mara moja mbili anageuka kuwa mlaji wa mayai, na kumwachisha hiyo tabia ni kazi ngumu kushinda kumzuia asianze. Nilipoteza kuku wawili wazuri kwa njia hiyo, ikabidi niwachinje.

Kusafisha sasa. Nilikuwa naingia nimeinama, kichwa ndani ya boksi, nakwangua na kisu cha zamani kwa sababu boksi haitoki, vumbi yote inaingia mapuani. Saa moja na nusu kila Jumamosi. Na hata ukikwangua namna gani huwezi kufikia ile nafasi kati ya mbao na mbao, na hapo ndio wale wadudu wadogo wekundu hukaa. Mchana huwaoni, wamejificha kwa nyufa, usiku wanatoka wanapanda kuku wamelala wanafyonza damu. Mimi nilidhani kuku wangu wana ugonjwa, upanga wa kichwani umepauka, mayai yamepungua, wengine wanakataa kabisa kuingia kwa boksi wanataga nje chini ya ua. Siku moja saa tatu usiku nikaenda na tochi nikapitisha karatasi nyeupe chini ya fito, ikatoka na madoa mekundu. Hao wadudu kukiwa na joto wanaweza kuzaana kizazi kizima kwa siku saba hadi kumi, kwa hivyo boksi ambayo huwezi kuisafisha yote kila wiki unawafugia.

Basi fundi. Nilimpata kupitia jirani aliyejengewa zizi la mbuzi. Ni fundi wa mbao wa kawaida, kuku hakuwa amejengea wengi, na hilo sikulihesabu kuwa kasoro, mradi mtu anasikiliza. Tulikaa chini ya mti karibu saa mbili nikimchorea kwa kitabu cha shule cha mtoto. Nilimwambia fundi, mambo mengine yote tutaelewana, lakini boksi za kutagia lazima zitoke. Kila moja itoke peke yake, niibebe mkononi niende nayo kwa bomba.

Alichonijengea ni hivi. Nyumba ni futi 12 kwa 8, ule urefu umelala mashariki kwenda magharibi ndio jua la mchana lisipige ndani moja kwa moja. Kwa kuku 36 kila mmoja anapata zaidi kidogo ya futi mbili na nusu za mraba, na mchana wangu hutoka nje uani kwa hivyo inatosha, ningekuwa nawafungia siku nzima ningepunguza idadi. Boksi ziko nane kwa mstari mmoja kwenye ukuta mrefu unaoangalia jikoni kwetu. Kuku wanne au watano kwa boksi moja ni sawa, nane zinatutosha na hata kuna mbili ambazo hawazipendi (hiyo hutaielewa, kuku wote wanapanga laini kwa boksi ya tatu na ya nne na zingine ziko tupu kando yao).

Kila boksi ni inchi 12 kwa 12, kimo inchi 14, na zote zimetokeza nje ya ukuta. Yaani mwili wa boksi uko nje, mdomo tu ndio uko ndani. Hapa nampa fundi alama zote. Kwanza kuku hawana paa la boksi la kurukia na kunyea huko ndani, hiyo shida imeisha. Pili siingii ndani kuokota mayai, naenda kwa nje, nafunua kifuniko, nachukua, naenda zangu, hata nikiwa nimevaa nguo za kanisa. Sakafu ya boksi iko inchi 22 kutoka chini kwa hivyo kifuniko kinanifikia kiunoni, siinami. Mama mkwe alipokuja kutoka Vihiga, ambaye magoti yanamsumbua, ndiye alikuwa anaokota mayai asubuhi zote hizo wiki mbili na alifurahia sana. Yeye amefuga kuku tangu akiwa msichana, kwao kuku alikuwa anatagia kwa kikapu kikuukuu kona ya jikoni, na alipoona boksi zangu kitu cha kwanza alichofanya ni kuingiza kichwa kuangalia kama kuna giza. Akasema kuku anataka mahali pa siri. Tukakata gunia tukaweka pazia nusu kwa kila mdomo wa boksi, na kweli baada ya siku tatu nne wale waliokuwa wanataga sakafuni wakaanza kuingia.

Kwa mbele ndani kuna ukingo wa inchi 4 wa kuzuia maranda yasimwagike, na inchi 6 mbele ya ukingo kuna fito ya kutua, ndio kuku asiruke kutoka sakafuni akatumbukia juu ya mayai ya mwenzake. Hiyo fito fundi alikuwa amesahau, nikamkumbusha, akaiweka siku hiyo hiyo.

Ndani ya kila boksi kuna trei. Ndio roho ya hii kazi. Trei ni ya bati lile laini lisilo na mawimbi, ambalo mafundi wa jua kali wanatengenezea masanduku ya shule, imekunjwa pande zote nne inchi 3 kwenda juu, inaingia kama droo kutoka nje. Nafunua kifuniko, navuta trei, namwaga maranda kwa shimo la mbolea, nagonga, napitisha maji na brashi, naianika juani. Bati halina ufa wa mdudu kujificha. Playwudi fundi alinipendekezea juu ni rahisi kukata, nikakataa, ile ikinywa maji kidogo kingo zinavimba zinaachana na umerudi pale pale. Nilikaa na simu nikapima wakati: boksi nane zote, kumwaga, kuosha, kukausha na kitambaa, kurudisha na maranda mapya, dakika 25. Kutoka saa moja na nusu. Na siku za katikati ya wiki nikiona trei moja imechafuka naivuta hiyo moja tu.

Maranda nachukua bure kwa karakana ya mbao ila usichukue unga wa msumeno, ule mwembamba unapeperuka na Nakuru hii ya upepo kuku wanaanza kupiga chafya. Si bure watu husema jina la mji huu limetoka kwa neno la Kimaasai la vumbi. Naweka inchi 3, na chini yake najaza jivu kidogo la jikoni. Nyasi kavu pia ni sawa lakini zinashika unyevu haraka.

Fito za kulalia ziko upande wa pili kabisa, mbali na boksi, futi 3 kutoka chini. Hii nataka watu waielewe vizuri juu ndio inafanya boksi zikae safi kuliko hata hizo trei. Kuku jioni hutafuta mahali pa juu zaidi. Kama boksi iko juu kuliko fito, atalala kwa boksi, na kinyesi kingi cha kuku hutoka usiku akiwa amelala, asubuhi boksi ni choo. Fito zikiwa juu anakwenda kwa fito mwenyewe bila kufukuzwa. Ziko tatu za futi 8 kila moja, ukihesabu ni inchi 8 kwa kila kuku, wamebanana kidogo lakini usiku wa baridi ya Julai huku kwetu juu hivi, zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, wanapenda kubanana. Chini ya fito kuna ubao mpana wa kupokea kinyesi, naukwangua kila asubuhi mbili, dakika tano, inaenda kwa sukuma wiki baada ya kuoza vizuri.

Hewa: chini ya paa pande zote kuna utepe wa waya futi moja, juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala. Harufu ile ya kuchoma macho sijaisikia tena.

Sasa mahali tulisumbuana, na nitasema yote.

Aliniambia wiki moja. Ikawa wiki tatu na siku mbili. Mara mbao hazijakauka, mara kuna matanga, mara simu imezimwa, na mimi kuku wangu wanalala kwa nyumba ya wadudu. Mtu akifiwa siwezi kumlaumu, lakini ningependa angenipigia yeye kuliko mimi nimtafute siku nne. Kilichonisaidia ni kwamba nilikuwa nimelipa kwa awamu tatu na ya mwisho ilikuwa bado kwangu.

Mlango aliuweka ukifungukia ndani. Nyumba ya kuku yenye matandiko sakafuni mlango usifungukie ndani, matandiko yakifika inchi nne tano mlango unakwama, unasukuma na bega huku umeshika ndoo ya maji na kuku wanapita katikati ya miguu. Aligeuza bila kunilipisha, ila bawaba zilikuwa zimeshaacha matundu kwa mbao na hayo matundu yako hadi leo.

Madirisha alipiga ule waya mwembamba wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita. Huo unazuia kuku kutoka, hauzuii mnyama kuingia. Huku kwetu kuna kicheche na kuna mbwa wa kuzurura, huo waya wanaupasua. Ikabidi niongeze 3,800 za wayameshi ngumu ya nusu inchi kwa futi mbili za chini. Nilikuwa nimesema kwa mdomo lakini sikuandika, kwa hivyo hiyo gharama tulikubaliana ni yangu. Wewe andika.

Trei za kwanza kingo za bati aliziacha wazi, hazijakunjwa. Nilijikata kidole wiki ya kwanza, na nikafikiria miguu ya kuku nikashindwa kulala. Nilizitoa zote nikatumia pikipiki hadi kwake, akazikunja kingo kwa nyundo zikarudi kesho yake. Hapo sina lawama, alirekebisha haraka na akaniomba msamaha.

Na kifuniko. Kifuniko cha boksi ni mbao iliyovikwa bati, kimelala mteremko mzuri maji yanatiririka, lakini pale kwa bawaba, kati ya ukuta na kifuniko, kulikuwa na nafasi ya kidole. Mvua ya kwanza kubwa ya Aprili boksi zote nane zililoa, maranda yakawa uji, mayai 19 yakachafuka siku moja. Fundi alikuja akaongeza utepe wa mbao, ikavuja tena. Tukaenda hivyo mara mbili. Mwishowe mzee mmoja jirani, ambaye alifanya kazi ya reli zamani, akatuambia tukate tyubu kuukuu ya lori, tupige misumari ukanda mrefu wa huo mpira juu ya bawaba, upande mmoja kwa ukuta upande mwingine kwa kifuniko. Mpira unajikunja kifuniko kikifunguka na maji yanapita juu. Tyubu nilipata kwa mtu wa pancha kwa shilingi 200. Haijavuja tena, na Mei ilinyesha sana. Lakini hilo lilikuwa jambo la fundi kulijua, na mayai 19 yalikuwa ya kwangu.

Kitu kimoja alichokuja nacho yeye mwenyewe na kimenifurahisha: boksi mbili za mwisho alizitengeneza na sakafu ya mteremko, inchi moja kwa kila inchi 12, zimetandikwa kapeti ya nyasi bandia. Kuku akitaga, yai linabingirika polepole kuja kwa kijisanduku cha nje kilichofunikwa, kuku halioni tena. Yai linatoka kavu na safi kabisa, na mlaji wa mayai hana cha kula. Ila kuku wangu wengi hawazipendi, wanataka kitu cha kuchakura na kujikunyatia. Wanaozitumia ni watano sita hivi kwa hesabu yangu. Ningekuwa naanza na vifaranga wasiojua maranda ningejaribu zote nane, kwa kuku waliozoea ni bora uchanganye kama mimi.

Na ukihamisha kuku kwenda boksi mpya usitarajie waelewe siku ya kwanza. Niliweka yai la plastiki kwa kila boksi, na wiki mbili za mwanzo jioni nilikuwa nafunga midomo ya boksi kwa ubao ndio wasilale humo, nafungua saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mayai naokota mara tatu, saa tatu, saa sita, saa tisa. Kuku wengi hutaga kabla ya saa sita mchana, lakini yai moja huchukua kama saa 25 kutengenezwa kwa hivyo kuku huyo huyo kila siku anachelewa kidogo, ndio maana ukiokota asubuhi tu mengine yanalala hapo na kukanyagwa.

Hesabu yote, mbao, bati, misumari, wayameshi ya kuongeza, oili chafu ya kupaka nguzo mchwa wasile, 46,300. Ufundi 15,000. Pikapu ya kuleta mbao 2,000. Jumla 63,300. Si pesa kidogo, ile ya kwanza ya kando ya barabara ilikuwa 28,000. Lakini zamani kwa trei ya mayai 30 nilikuwa na machafu tisa, kumi. Mwezi huu nimehesabu, ni moja au mawili, na trei zingine hakuna. Na siyaoshi. Ganda la yai lina maelfu ya vitundu vidogo na juu yake utando mwembamba unaozuia uchafu kuingia, ukiliosha na maji baridi unatoa huo utando na unavuta uchafu ndani. Yenye doa dogo nafuta na kitambaa kikavu, yenye doa kubwa tunakula sisi siku hiyo hiyo. Kwa hivyo yai safi lazima litoke safi kwa boksi, hakuna njia ya mkato baadaye.

Wadudu: nimepitisha karatasi nyeupe usiku mara nne tangu Mei, haijatoka na doa. Kuku wazee wamerudisha wekundu wa upanga.

Kwa boksi na trei nampa fundi tisa kwa kumi. Kwa mpangilio wa ndani, fito na hewa, nane, na mengi hapo nilimchorea. Kwa kifuniko kabla ya mpira, tatu. Kwa kutimiza siku alizosema, mbili. Ningemwita tena? Nimeshamwita. Kuna kuku wanne sasa wanataka kuatamia na wananikalia boksi za wengine, kwa hivyo nataka boksi mbili za chini, pembeni, zenye mlango wao. Safari hii nimeandika kila kitu kwa karatasi, hadi upande mlango utafungukia, tumetia sahihi sote wawili, na ukanda wa tyubu nimeshanunua mimi mwenyewe uko hapa jikoni. Amesema Jumanne.